Nusu ya Uso wa Khiêm

Kosa la Thoa lilikuwa kufika sokoni mapema. Alitaka kulikwepa jua, na alitaka kurudi kabla mama mkwe wake hajaanza kuulizia chai, basi saa moja na nusu asubuhi alikuwa tayari yuko Nhật Tảo, mtaa unaouza kila kitu kilichowahi kupitiwa na umeme. Maduka mengi ndiyo kwanza yalikuwa yanapandisha milango. Mkononi alikuwa na kikaratasi alichoandikiwa na mumewe, Lượng, kwa herufi kubwa kama anayemtuma mtoto dukani: RAM, DDR3, ya kompyuta ya mezani, si ya laptop. Vijiti viwili, giga nne nne, MAPACHA. Cha zamani tutakitoa. Uliza maduka matatu, halafu nipigie.

Duka la kwanza lilikuwa la mwanamke mnene mwenye bangili ya jiwe la kijani iliyombana mkono. Vijiti vya RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, vilikuwa vimepangwa ndani ya sanduku la biskuti, vimesimama wima. Thoa aliuliza bei, akapewa kimoja, akakigeuza, akasoma maandishi yasiyomwambia kitu. Hapo ndipo alipoona kwamba sakafu ya duka ilikuwa bado mbichi kwa maji ya kudekia, na kwamba kahawa ya yule mwanamke ilikuwa haijaguswa. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza.

Saigon hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Mteja wa kwanza akishika bidhaa, akauliza bei, kisha akaondoka mikono mitupu, ameiua siku nzima ya mwenye duka. Na mwenye duka hanyamazi. Anawasha kipande cha karatasi, anakipitisha juu ya bidhaa zake kufukuza mkosi wako, wewe ukiwa hata hatua tatu hujamaliza, na mtaa mzima unageuka kuona mkosi wenyewe umevaa nguo gani. Thoa aliwahi kuona mama mjamzito akifukiziwa hivyo kwa sababu ya kilo moja ya machungwa.

"Hii giga nane, dada'angu. Moja tu yakutosha," alisema mwenye duka.

"Karatasi inasema viwili, mapacha."

"Nani kaiandika hiyo karatasi?"

"Mume wangu."

"Fundi?"

Thoa alisita. "Anabeba abiria. Kwa pikipiki."

Mwanamke yule aliwageukia jirani zake waliokuwa wakifungua maduka. "Jamani! Leo nafundishwa RAM na bodaboda!" Wakacheka. Thoa naye akacheka, maana ndivyo anavyofanya mtu anayechekwa asubuhi na mapema. "Sikiliza," mwanamke aliendelea, sasa kwa sauti ya huruma, "mashine yako inakula DDR3, hii DDR3. Kikiingia kwenye nafasi yake, kimeingia. Na kile cha zamani kiache humo humo, mali unatupa ya nini? Nne na nane, unayo kumi na mbili. Unataka nini tena?"

"Naomba nimpigie kwanza."

Simu iliita mpaka ikakatika. Lượng alikuwa barabarani na abiria mgongoni.

"Basi ngoja nizunguke kidogo, shangazi. Nitarudi."

Mwanamke hakugomba. Alivuta droo, akatoa kiberiti cha gesi na ukurasa mmoja wa gazeti, akaviweka juu ya kioo cha meza, taratibu, kama anayeandaa sahani. "Zunguka," alisema. "We zunguka tu."

Thoa alilipa. Alipokuwa akikitia kijiti kwenye mkoba, mwanamke, ambaye sasa alikuwa mchangamfu kweli, alimwambia kitu kimoja zaidi. "Ila mali ya kufungulia duka huwa hairudi. Unajua mwenyewe."

"Najua," alisema Thoa.

* * *

Kazi ya Thoa ilikuwa kutengeneza picha za wafu za kuwekwa kwenye madhabahu za nyumbani. Watu walimletea wafu wao wakiwa wamefifia, wamekunjika, wamekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, naye akawavisha koti, akawachana nywele, akawafuta doa, akawarudisha wakiwa wanaweza kutazamwa machoni wakati wa kuchomewa udi. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza iliyotazamana na kitanda cha bembea cha mama mkwe wake, Bibi Sáu, na kompyuta ya miaka tisa iliyokuwa ikikoroma chini ya meza.

Lượng alirudi saa sita kula. Alikifungua kile kijiti, akakisoma, akamtazama mkewe.

"Nilisema viwili."

"Nilikuwa wa kwanza."

Lượng alikigeuza kijiti. Yeye pia alikuwa mtoto wa mji ule. "Aah," alisema. "Basi."

"Mwanamke mzima anaogopa moshi wa gazeti!" alisema Bibi Sáu kutoka kwenye bembea yake.

"Mama, si wewe mwaka juzi uliyemfukizia yule kijana wa bima?"

"Yule alikuwa na mguu mbaya. Alikanyaga kizingiti, siku hiyo hiyo friji ikafa."

Lượng aliilaza mashine ubavu, akafungua kifuniko, akakisukuma kijiti kipya kando ya kile cha zamani mpaka vishikizo vikalia. Walipoiwasha, mashine ilipiga mlio mara tatu, skrini ikabaki nyeusi. Aliizima, akakitoa, akachukua ufutio wa penseli akausugua ukingo wenye madini ya dhahabu kama wanavyofanya mafundi wote wa mitaani, akapuliza, akarudisha. Milio mitatu. Akasugua tena. Mara ya nne mashine ikawaka, na skrini ikaandika giga kumi na mbili.

"Si nilikwambia," alisema Thoa, ijapokuwa hakuwa amemwambia lolote.

"Havijuani tu. Kimoja taratibu, kingine kina haraka. Bwana harusi na bibi harusi." Lượng alijifuta mikono kwenye suruali. "Lakini wakianza kurushiana sahani, uniambie. Usinyamaze kama kawaida yako."

Alicheka, na upande wa kushoto wa mdomo wake ukapanda kabla ya ule wa kulia, kama siku zote.

* * *

Kwenye rafu juu ya meza, ndani ya kitambaa chekundu, alikuwapo Khiêm.

Fremu ile iliachwa na Dada Diệu, aliyekaa nyumba ya mwisho ya kichochoro, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye hakuolewa na ambaye sauti yake ilisikika hata akinong'ona. Khiêm alikuwa kaka yake. Alikwenda vitani mpakani mwaka sabini na tisa akiwa na miaka ishirini na mbili, na hakurudi hata mfupa. Ilibaki picha hiyo moja, nyeusi na nyeupe, sawa na kiganja. Mafuriko ya mwaka uliopita yaliingia mpaka kwenye madhabahu, na tangu hapo picha ilikuwa imegandamana na kioo, na ukungu wa kijivu ulikuwa unapanda kutoka shingoni.

"Mama hali tena wali, anakunywa uji tu," Dada Diệu alikuwa amesema siku aliyoileta. "Anataka amwone kabla hajamfuata. Siku ya kumkumbuka Khiêm ni tarehe kumi na nane, mwezi wa sita wa kalenda yetu ya zamani. Nitengenezee kubwa, kama mlango wa kabati, macho ya Mama yameshakuwa mabaya. Fanya unavyojua, Thoa. Ila umrudishe mzima. Sisi hatuna mwingine."

"Nitamrudisha, dada."

Kwa ukubwa huo, ile giga nne ya zamani isingetosha. Thoa alijaribu, na mashine ikaganda mara tatu. Ndiyo maana akaenda sokoni.

Siku ya pili baada ya kile kijiti kuingia, alikuwa anamalizia picha ya mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma. Aliihifadhi, akaenda kuosha vyombo, akarudi akaifungua. Mstari mwembamba wa kijivu ulikuwa umekatiza shingo ya mwalimu, kutoka sikio hadi bega. Hakukumbuka kuuona. Aliufuta, akahifadhi. Kesho yake mstari ulikuwa tena pale, umeshuka kidogo, umefika kwenye kola.

Bibi Sáu alikuwa nyuma yake na kikombe mkononi. Alitazama skrini kwa muda.

"Hataki," alisema.

"Nani hataki, Mama?"

"Mwalimu. Hajaridhika kuhamishwa. Uliomba ruhusa?"

"Niliomba."

"Omba tena." Akawasha vijiti vitatu vya udi, akavisimamisha kwenye kikopo cha mchele mbele ya kompyuta, na moshi ukawa unaingia kwenye matundu ya feni. Thoa aliinamisha kichwa mara tatu, nusu kwa ajili ya mwalimu, nusu kwa ajili ya mama mkwe. Alipofungua tena picha ilikuwa safi, na wote wawili wakaridhika.

Asubuhi iliyofuata skrini yote iligeuka buluu, maandishi meupe, kisha mashine ikajizima. Lượng, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, aliona.

"Ni kile kijiti. Kitoe."

"Nikikitoa Khiêm hafunguki. Zimebaki siku tano."

"Basi nikirudishe, nichukue mapacha kama nilivyosema."

"Hakirudi. Alishaniambia."

"Alikwambia wewe. Mimi hajaniambia."

"Lượng." Alimwona akilini yule mwanamke akiwaita jirani zake waje kumwona bodaboda mwenyewe. "Ngoja tumalize hii kazi moja. Tarehe kumi na nane ikipita, nenda."

Alisema hivyo akijua anachofanya, na hilo ndilo lililomkaa rohoni baadaye. Hakuwa mjinga wa mambo hayo. Alikuwa na haya, na haya ilimshinda nguvu mara mbili kwa sababu ya kijiti kimoja.

* * *

Picha iliyogandamana na kioo haibanduliwi kwa kisu. Inalazwa kwenye trei ya maji ya vuguvugu, unasubiri, na ikiwa ina bahati inajiachia yenyewe. Thoa alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi, pengine arobaini, na alipoteza mbili tu, zote za rangi. Aliuwasha udi, akamwomba Khiêm radhi, akaizamisha fremu.

Saa nzima ilipita. Mvua ya mchana ilipiga mabati ikaacha. Kisha pembe moja ya picha ikainuka, halafu ya pili, na uso wote ukaelea kutoka kwenye kioo, mzima, wazi kuliko ulivyokuwa. Bibi Sáu mwenyewe alishuka kwenye bembea kuja kuangalia.

"Kijana mzuri," alisema. "Masikini ya Mungu. Tazama alivyofunga mdomo, kama anayezuia kicheko."

Thoa aliilaza juu ya plastiki safi, akaiweka kwenye skana ikiwa bado mbichi, kwa ukubwa wote mashine iliouweza. Khiêm alitokea kwenye skrini kuanzia juu kwenda chini: nywele, paji, nyusi zilizokaribiana, macho, pua nyembamba, ule mdomo, kidevu. Alimtazama kwa muda mrefu. Alihifadhi. Kwa kuwa ni mwangalifu, akaweka nakala ya pili kwenye flashi.

Alipogeuka kuichukua picha yenyewe aikaushe, ngozi yake ilikuwa imejikunja. Ule utando wenye uso ulikuwa umeachana na karatasi, kama utando wa maziwa yaliyopoa, na alipojaribu kuunyoosha kwa brashi ukakatikia vidoleni. Baada ya dakika chache akabaki ameshika karatasi nyeupe.

Hakulia. Khiêm alikuwa ndani ya mashine, mkubwa na safi kuliko alivyowahi kuwa, na nakala kwenye flashi. Aliifunga karatasi nyeupe kwenye kile kitambaa chekundu, akakirudisha kwenye rafu, akala chakula cha jioni na familia yake.

Asubuhi alipolifungua faili, Khiêm alikuwa na nywele, paji na macho. Kuanzia chini ya pua kulikuwa na mistari: zambarau, kijani, kijivu, imelala moja juu ya nyingine mpaka mwisho wa picha. Alichomeka flashi. Mistari ile ile, rangi zile zile. Kilichoharibika kiliharibikia ndani ya mashine, kabla hakijahifadhiwa popote, na alichofanya yeye ilikuwa kuhifadhi uharibifu mara mbili.

Alizima, akawasha. Akakitoa kile kijiti kipya kwa mikono yake, akabakiza cha zamani. Mashine ilichukua robo saa kulifungua faili lile, ikikoroma, kisha ikamwonyesha mistari.

Bibi Sáu alikuwa kwenye bembea, macho amefumba. "Umenyamaza sana leo," alisema.

"Nafanya kazi, Mama."

* * *

Zilibaki siku tatu. Kwenda kwa Dada Diệu kumwambia ilikuwa ni mwendo wa nyumba tisa. Thoa alivaa kandambili mara mbili, na mara ya pili alifika mpaka kwenye geti. Kupitia nondo alimwona Bibi Năm, mama yao, ameketishwa uani juani, na Dada Diệu anamkata kucha huku anamwambia kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona: "Kubwa, Mama! Kubwa hivi! Utamwona bila miwani!" Mzee alikuwa anatikisa kichwa kama mtoto anayeahidiwa sikukuu. Thoa alirudi nyumbani.

Alikuwa na nyuso za watu mia nane kwenye kompyuta ile. Alianza kutafuta mdomo. Lakini kila alipoukaribia mmoja, mkono ulisita, kwa maana wote wale walikuwa wafu wa watu, kila mmoja na madhabahu yake na wanawe wanaomwita kwa jina. Kumnyang'anya marehemu mdomo ukamvishe marehemu mwingine ilikuwa kugombanisha nyumba mbili ambazo hakuna mpatanishi wa kuzisuluhisha.

Basi likabaki faili moja ambalo halikuwa la marehemu. Lượng, nyeusi na nyeupe, miaka ishirini na mbili, picha ya kitambulisho cha jeshi alilotumikia miaka miwili na kurudi na meno yote. Kichwa kimegeuka upande ule ule. Mwanga umetoka kushoto, kama wa Khiêm. Taya lilikaa mahali pake kwa jaribio la kwanza, bila hata kuvutwa.

Anajua kila mtu kwamba picha ya mtu hai haikai kwenye madhabahu. Watoto wanajua, wanachapwa wakiegemeza hata picha ya shule pale. Thoa alijiambia kwamba si picha ya mtu, ni mdomo na kidevu. Alijiambia kwamba ni mume wake, ni wa kwake, anaweza kumwomba radhi. Alikifuta kidoti kilichokuwa kidevuni. Alilipunguza taya. Kwa ile giga nne tu mashine iliganda kila saa, naye akaiwasha upya kila saa. Alikuwa fundi mzuri, na alipomaliza, saa kumi jioni ya siku ya pili, Khiêm alimtazama kutoka kwenye skrini akiwa amefunga mdomo kama anayezuia kicheko.

Kitu kimoja hakukiona. Alikuwa ameishi na mdomo ule miaka kumi na tisa, na ulikuwa umeshaacha kuwa kitu cha kuonwa.

Dada Diệu alipokuja kuichukua picha, ikiwa imeshachapwa na kutiwa fremu, alisimama mbele yake bila kusema neno, jambo ambalo kichochoro hakijawahi kulishuhudia. Kisha akaketi sakafuni. "Nilikuwa nimeusahau mdomo wake," alisema. "Nakwambia kweli, Thoa. Mwaka mzima huu nilikuwa nauona ukungu tu." Alilipa, akaongeza bahasha nyekundu juu yake, na Thoa alipoikataa ikatiwa kwa nguvu kwenye mfuko wa blauzi. Aliulizia ile picha ya zamani. Thoa alimwambia kwamba maji yaliichukua, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi imeisha kazi yake," alisema Dada Diệu. Aliichukua ile karatasi nyeupe ndani ya kitambaa chekundu, bila kuifungua, akaichome pamoja na pesa za karatasi za wafu.

* * *

Tarehe kumi na nane nyumba tisa zote zilialikwa. Kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyopikwa na mayai kwenye maji ya dafu, supu ya karela, na vikapu vya mboga za majani uani. Thoa alitaka kusingizia kichwa. Bibi Sáu alimwambia kwamba fundi akikosekana watu watasema picha ina walakini, basi akaenda, akajificha jikoni na wanaokata vitunguu.

Lượng alipita kidogo kati ya abiria, akala amesimama, helmeti kwenye kiwiko. Alikuwa na kile kijiti mfukoni, ndani ya soksi.

"Leo ndiyo leo," alimwambia mkewe. "Nakipeleka Nhật Tảo. Saa saba hii, mimi si mteja wa kwanza wala wa kumi. Aniwashie gazeti zima akitaka."

"Acha. Nenda kesho."

"Si wewe uliyesema tarehe kumi na nane ikipita?"

"Haijapita."

"Mke wangu, unataka nini?" alimcheka, akaenda kumuaga Dada Diệu.

Sebuleni walikuwa wamemleta Bibi Năm, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya madhabahu. Khiêm alikuwa katikati, mkubwa kama mlango wa kabati, maua ya manjano huku na huku, jina lake na siku yake chini ya miguu ya fremu. Mzee alikuwa anaomba asogezwe. Wakamsogeza. Akaomba tena. Mwishowe wakamshikilia kwapani akasimama, akaweka mkono kwenye kioo, ukapanda kutoka kifuani mpaka usoni, ukatulia mdomoni.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwanangu. Mdomo huu ndio ulionyonya kwangu."

Watu walilia, na wanaume wakatazama dari. Thoa alikuwa ametoka jikoni, kisu bado mkononi, kwa hiyo aliona vizuri kilichofuata. Zamu ya kuchoma udi ilikuwa imemfikia Bibi Sáu. Alikuwa ameshaviinua vijiti vitatu kwenye paji la uso, ameshainama mara moja. Alipoinua kichwa kuinama mara ya pili, alibaki hivyo hivyo.

Upande wa kushoto wa mdomo wa Khiêm ulikuwa umepanda kidogo kuliko wa kulia.

Lượng alikuwa na miaka mitano alipoanguka juu ya kifuniko cha kisima, mdomo ukachanika. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa katikati ya magoti wakati anashonwa bila ganzi, nyuzi nne, na ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta ya nazi kwenye kovu mwaka mzima ili upande ule usivutike. Ulivutika hata hivyo.

Majivu ya udi yalimdondokea Bibi Sáu kwenye kidole gumba. Hakuyapangusa. Alitazama picha, kisha akamtafuta Thoa kwa macho katikati ya watu wote wale, akampata, na Thoa hakuweza hata kuangalia pembeni.

"Mzuri, eti?" Bibi Năm alimwuliza, akimshika mkono. "Mwanangu mzuri?"

"Mzuri, dada," alisema Bibi Sáu. "Mzuri sana." Akainama mara ya pili, akainama mara ya tatu, akavisimamisha vijiti vyake mbele ya mdomo wa mtoto wake.

Nje pikipiki iliwashwa. Bibi Sáu alitoka mbio, mwanamke wa miaka sabini na nne aliyekuwa akilalamikia magoti kila siku, peku, mpaka kwenye geti. "Lượng! Lượng, vua hiyo kofia! Njoo nikuone!" Lakini alikuwa ameshakata kona, na aliyegeuka alikuwa muuza barafu tu.

* * *

Thoa na mama mkwe wake walirudi nyumbani wakiwa wameshikana mikono, kama watu waliotoka hospitali. Mvua ilianza saa nane. Thoa alimpigia mumewe mara sita. Simu iliita mpaka ikakatika, kama ilivyoita siku ile sokoni. Kwenye mvua Lượng hakuwa na desturi ya kupokea, aliifunga kwenye nailoni. Thoa alijua hilo. Aliendelea kupiga.

Bibi Sáu hakupanda kwenye bembea. Aliketi kwenye kizingiti, mahali ambapo yeye mwenyewe humkataza kila mtu kuketi.

"Niambie ni mdomo tu," alisema.

"Mdomo na kidevu, Mama."

"Macho?"

"Macho ni ya mwenyewe."

Mzee aliliwaza hilo, kana kwamba kuna mahali linaweza kupimwa. "Kwa hiyo nusu," alisema.

"Ni kile kijiti, Mama. Kiliharibu faili. Niliogopa kusema."

"Ninajua uliogopa. Tangu uolewe hapa unaogopa." Hakusema kwa ukali. "Inabidi ashushwe pale."

"Nitakwenda kumwambia Dada Diệu. Nitakwenda sasa hivi."

"Utamwambiaje?"

Kutoka nyumba ya mwisho, juu ya kelele za mvua, walisikia sauti ya Dada Diệu ikiwaita majirani waliokuwa wanaaga: Mama anakula! Jamani, Mama anakula wali! Anakula mbele ya Khiêm! Harufu ya udi ilifika mpaka pale kizingitini, nzito, ya pakiti nzima iliyowashwa kwa mara moja.

"Kila asubuhi," alisema Bibi Sáu, "na kila jioni, watamwita aje kula na wafu wao. Watamwita kwa jina la mwingine, lakini mdomo ni wake." Alikuwa anasugua kidole gumba mahali majivu yalipomwangukia. "Haya. Nani kati yetu atakayekwenda kumwambia yule mzee asimle mwanawe kwa macho, amrudishe?"

Thoa alisimama. Alivaa kandambili moja. Nyingine ilikuwa chini ya mguu wa mama mkwe wake, na mama mkwe wake hakuuinua mguu.

Pikipiki iliingia kichochoroni, taa yake ikimulika mvua. Wote wawili walinyoosha shingo. Ilipita, ikaenda mpaka nyumba ya mwisho. Alikuwa mtu aliyechelewa karamu, amebeba maua.